Punda Akichechemea, Anzia Kwenye Ukwato

Nkende, kama ilivyo sehemu kubwa ya Tarime na Serengeti, kazi nyingi za shamba na nyumbani zinategemea miguu ya wanyama. Mvua zikianza, maksai wanavuta plau. Mwaka mzima punda wanabeba madumu ya maji, kuni, mahindi ya kupeleka mashineni na mizigo ya siku ya gulio. Farasi ni wachache mno mkoani Mara, na wanaofahamika zaidi ni wale wanaopandwa na watalii upande wa Grumeti. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mwenye punda kwanza, na mwenye maksai ana sehemu yake. Mwenye farasi naye atapata mengi ya kumfaa, kwa kuwa ukwato wa farasi na wa punda ni ndugu.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: punda anayechechemea leo alianza kuumia kabla ya leo. Punda ni mnyama mvumilivu, anayeficha maumivu mpaka yamshinde. Wengi wetu huuchukua uvumilivu huo kuwa uzima, tukaendelea kumpakia mzigo. Anapofika hatua ya kukanyaga kwa shida, tatizo ambalo lingekwisha kwa siku tatu huwa limefika kwenye mfupa. Ukijifunza kumtazama mapema, utaokoa mnyama, na pia utaokoa msimu wa kulima.

Mtazame akiwa amesimama

Asubuhi, kabla hujamgusa, simama hatua chache kutoka kwake na umwangalie kwa dakika moja au mbili. Punda mzima husimama na uzito umegawanyika vizuri kwenye miguu ya mbele. Mguu mmoja wa nyuma kuulegeza kwa zamu ni kawaida yake anapopumzika. Lisilo la kawaida ni kuusogeza mguu wa mbele mmoja mbele ya mwingine na kuukanyagisha ncha tu, au kuulegeza mguu uleule wa nyuma kila unapomwona.

Tazama pia haya:

- Analala kuliko alivyozoea, au anachelewa kuinuka.
- Anabaki nyuma ya wenzake wakienda malishoni au mtoni.
- Anakula kidogo, masikio yameinama, hataki kuguswa.
- Nyama ya bega au ya paja upande mmoja imepungua. Hii ni dalili kwamba mguu huo umeepukwa kwa wiki nyingi.
- Miguu yote miwili ya mbele imesogezwa mbele na mwili umeegemea nyuma, kama anayeogopa kukanyaga vidole. Hii ni hali ya hatari, na nitaieleza zaidi hapa chini.

Mtembeze

Tafuta njia tambarare na ngumu, isiyo na mawe yaliyolegea. Mpe mtu amwongoze kwa kamba iliyolegezwa, maana kamba ikikazwa kichwa hakichezi na wewe hutaona kitu. Amtembeze hatua ishirini hivi akienda, na ishirini akirudi kwako. Wewe simama mbele, kisha nyuma, kisha ubavuni.

Kwa miguu ya mbele, tazama kichwa. Mguu unaouma ukigusa ardhi, kichwa hupanda juu, kwa sababu mnyama anajaribu kuupunguzia uzito. Mguu mzima ukikanyaga, kichwa hushuka. Kwa hiyo ukikiona kichwa kinashuka na mguu wa kulia, mguu wa kushoto ndio unaouma. Hapa watu wengi hukosea na kutibu mguu mzima.

Kwa miguu ya nyuma, tazama nyonga ukiwa nyuma yake. Nyonga ya upande unaouma hupanda na kushuka zaidi kuliko ya pili. Ukishindwa kuona, mbandike kipande cha kitambaa cheupe juu ya kila nyonga kisha mtembeze tena. Jicho litapata cha kufuata. Sikiliza pia. Kwenye njia ngumu, mguu mzima hupiga kwa sauti nzito na mguu mgonjwa hugusa kwa sauti ndogo.

Asipoonyesha kitu akienda moja kwa moja, mzungushe duara pana, upande mmoja kisha mwingine. Maumivu mengi hujitokeza mguu husika unapokuwa upande wa ndani wa duara. Lakini mnyama ambaye hawezi kabisa kuukanyagia mguu usimtembeze wala kumzungusha. Mwache hapo alipo.

Inua ukwato

Sababu nyingi za kuchechemea zimo ndani ya ukwato wenyewe. Kwa hiyo hata ukiona goti au bega limevimba, usiache kuukagua ukwato.

Mfunge punda mahali tulivu au mpe mtu anayemfahamu amshike. Simama ubavuni, uso ukiwa umeelekea mkia wake. Pitisha mkono kutoka begani ukishuka polepole mpaka kwenye kifundo, kisha minya kidogo na umwombe mguu. Usiuvutie mbali pembeni, kwani punda ni mfupi na utamwumiza. Kwa mguu wa nyuma, kaa karibu na mwili wake, usisimame nyuma yake moja kwa moja.

Kabla ya kusafisha, linganisha joto la kwato mbili kwa kiganja. Kisha weka vidole viwili nyuma ya kifundo, upande wa ndani na wa nje, utafute mapigo ya mshipa. Kwa mnyama mzima mapigo hayo ni hafifu, pengine utayakosa. Yakidunda kwa nguvu chini ya kidole chako, na ukwato una joto kuliko wa pili, jua kuna kinachowaka ndani.

Sasa ondoa tope na mavi kwa kijiti kigumu au chombo butu cha chuma, ukianzia kisiginoni kwenda kwenye ncha. Katikati ya wayo utaona ile sehemu laini yenye umbo la V, na mifereji pande zake mbili. Ikague kwa macho, kwa kidole na kwa pua. Kisha minya wayo wote kwa kidole gumba, eneo kwa eneo, kwa nguvu ileile. Mahali atakapouvuta mguu kwa ghafla, rudia. Akiuvuta tena palepale, umepata penyewe.

Unachoweza kukuta, na la kufanya

*Jiwe, mwiba au msumari.* Jiwe lililobana kwenye mfereji litoe, safisha, na mpumzishe siku moja au mbili. Mwiba wa mgunga huvunjikia ndani na kuacha kitobo kidogo tu. Msumari ukiwa umezama sana na daktari wa mifugo anaweza kufika upesi, uache, na uufungie mguu kitu kinene ili usizidi kuzama. Kama hayupo karibu, uvute kwa kufuata mwelekeo ulioingilia, weka alama pale ulipokuwa, na kumbuka ulizama kiasi gani na kuelekea wapi. Daktari atakuuliza. Jeraha lolote la kutoboka kwa punda au farasi ni mlango wa pepopunda, kwa sababu wanyama hawa huathirika sana na ugonjwa huo. Omba kinga yake siku hiyohiyo.

*Jipu ndani ya ukwato.* Hili huja kwa ghafla. Jana alikuwa mzima, leo hataki kabisa kukanyaga, na mwenye mnyama huamini mfupa umevunjika. Ukwato una moto na mapigo yanadunda. Ukiukwangua wayo kwa uangalifu kwa kisu cha kwato, utaona kitone cheusi au mstari mweusi, mara nyingi pale ukuta wa ukwato unapokutana na wayo. Fundi anayejua kazi hukifuata kitone hicho kidogokidogo, akikwangua tabaka jembamba baada ya jingine, mpaka ghafla maji ya kijivu au meusi yenye uvundo yanachuruzika. Baada ya usaha kutoka, mnyama hupata nafuu ambayo unaiona kwa macho saa chache baadaye.

Tundu liwe dogo, la kupitisha usaha tu. Ukiona damu umeshapita mpaka, acha. Loweka ukwato kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu yenye chumvi kwa dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku. Kausha, paka ayodini, funga kitambaa safi, kisha vika kipande cha kiroba au cha tyubu ya tairi juu yake ili tope lisiingie. Badilisha kila siku mpaka pakauke. Usimpeleke kazini katika muda huo.

*Kuoza kwa ile sehemu ya V.* Ukisikia harufu mbaya na kukuta uji mweusi kwenye mifereji, mnyama amesimama kwenye unyevu muda mrefu. Ukwato wa punda hunyonya maji kuliko wa farasi, kwa hiyo masika ya Tarime humdhuru haraka. Safisha kila siku, kata vilivyooza, paka ayodini au maji ya mrututu, yaani gramu 500 kwenye lita 10 za maji. Mrututu ni sumu, hasa kwa kondoo: usiumwage kwenye kijito wala usiache ndoo wazi. Lakini dawa bila kumhamishia mahali pakavu ni kazi bure.

*Kwato ndefu au zilizopasuka.* Ukwato hukua karibu nusu sentimita hadi sentimita moja kwa mwezi. Punda anayeshinda kwenye udongo laini hausugui, nao hurefuka, hujikunja na kuivuta kano ya nyuma ya mguu. Kwato zilizorefuka sana usizirudishe kwa siku moja. Zipunguze kwa awamu, wiki chache kati ya awamu na awamu. Panga si kifaa cha kazi hii. Tumia koleo la kwato, kisu cha kwato na tupa. Ukwato wa punda umesimama wima zaidi kuliko wa farasi, kwa hiyo anayeulaza kama wa farasi anamharibia mwendo.

*Kano iliyovutika.* Nyuma ya mguu, kati ya goti na kifundo, pamevimba na pana joto. Mmwagie maji baridi kwa dakika 15 hadi 20, mara tatu kwa siku, katika siku mbili za mwanzo. Baadaye ni mapumziko tu. Kano huchukua miezi kupona, na ikivutika vibaya hufika hata mwaka. Uvimbe kuisha si ushahidi kwamba imepona.

*Vidonda vya kamba.* Kumfunga miguu ya mbele kwa manila ili asiende mbali kunakata ngozi na kufika kwenye kano. Kamba pana ya katani au mkanda wa kitambaa ni afadhali, na zizi au mchungaji ni bora kuliko vyote.

*Uvimbe wa ndani ya kwato.* Hii ndiyo ile hali ya kuegemea nyuma niliyoitaja. Tishu zinazoushika mfupa ndani ya ukwato zimewaka, na zikiachia, mfupa hushuka. Chanzo kinachojulikana sana ni punda kuvamia mahindi au pumba akala kupita kiasi. Kwa punda jike, kondo la nyuma kubaki tumboni baada ya kuzaa nako huleta hali hii. Ondoa nafaka zote, mpe majani makavu na maji, mweke kwenye mchanga mwingi au matandiko mazito, poza kwato kwa maji baridi, na mwite daktari siku hiyohiyo. Usimtembeze ili "apate joto". Kila hatua inaongeza madhara.

Maksai wana yao

Ukwato wa ng'ombe umegawanyika, na kati ya vidole ndipo kijiwe hubana na ngozi huoza. Safisha, paka dawa, mpe mahali pakavu. Lakini kwa ng'ombe kuna magonjwa mawili ambayo lazima uyafikirie kabla ya kuita jambo "mguu tu."

La kwanza ni ugonjwa wa miguu na midomo. Ng'ombe kadhaa wanaanza kuchechemea ndani ya siku chache, wanatokwa na udenda, na ukifungua mdomo unakuta malengelenge au vidonda kwenye ulimi na fizi. Punda haugui ugonjwa huu. Kwa hiyo ng'ombe wakichechemea wengi na punda aliyeko zizi moja nao yuko salama, hiyo ni ishara ya kukufungua macho. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania na kuchapishwa 2018 ulionyesha kwamba virusi hivi hupita kwa mawimbi, na kwamba kuhama kwa mifugo kunachangia milipuko kuliko nyati wa hifadhini. Maana yake kwako ni kwamba ng'ombe uliyemnunua mnadani jana anastahili kutengwa wiki mbili, hata kama wa kwako hawajawahi kukutana na nyati. Ukiona dalili, usiwapeleke mnadani, usiwakodishe kulima kwa jirani, na toa taarifa kwa afisa mifugo wa kata.

La pili ni chambavu. Ng'ombe kijana mwenye afya nzuri anachechemea ghafla, paja au bega limevimba, na ukiminya unasikia kitu kinatatarika chini ya ngozi. Huyu anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Akifa, usimchune wala usigawe nyama: vijidudu vyake hubaki kwenye udongo miaka mingi, na kifo cha ghafla kinaweza pia kuwa kimeta, kinachoua watu. Kinga ipo. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania hutengeneza Kibaha chanjo ya pamoja ya kimeta na chambavu. Ulizia ratiba ya kata yako.

Tahadhari kuhusu dawa

Wengi wetu, mnyama akichechemea, tunakimbilia duka la dawa za mifugo na kurudi na chupa ya oksitetrasaiklini. Sindano hiyo haiondoi jiwe, haipunguzi ukwato mrefu, haiungi kano. Inachofanya ni kukupa matumaini ya uongo huku siku zikienda, na kuzoesha vijidudu dawa. Kagua kwanza, dawa baadaye, na kipimo akupe mtaalamu.

Dawa za maumivu nazo zina masharti. Fenilbutazoni haitolewi kwa mnyama atakayeliwa. Diklofenaki usiitumie kabisa kwa mifugo. India, Pakistani na Nepali zilipoteza sehemu kubwa sana ya tai wao kwa sababu walikula mizoga ya ng'ombe waliochomwa dawa hiyo, na India ikaipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Sisi tunaoishi pembezoni mwa Serengeti tunawategemea tai wanaosafisha mizoga kabla haijaeneza maradhi. Mwulize daktari kuhusu meloksikamu.

Kumbuka pia kwamba dawa ya maumivu huficha dalili. Mnyama aliyepewa dawa hiyo asirudishwe kazini kwa kuwa tu hachechemei.

Mwite daktari bila kusubiri ukiona haya

- Hawezi kabisa kuukanyagia mguu, au mguu umekaa upande usio wake.
- Jeraha liko karibu na kiungo, hasa likitoa maji ya utelezi.
- Msumari au mti umeingia kwenye wayo.
- Amesimama ameegemea nyuma, kwato zina moto.
- Mwili umekakamaa, taya limefunga, mkia umenyooka: hiyo ni pepopunda.
- Miguu ya nyuma inalegea na anakonda: huenda ni nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.
- Anachechemea au anaburuza mguu na tabia imebadilika, anauma vitu, anashindwa kumeza, au unajua aling'atwa na mbwa. Kichaa cha mbwa kwa punda kinaweza kuanza hivyo. Usimtie mkono mdomoni "kutoa kilichomkwama." Mfungie mbali na watu, na aliyeguswa na mate kwenye kidonda aende kituo cha afya mara moja.
- Siku tatu za mapumziko zimepita na hakuna nafuu.

Kumzuia asifike huko

Safisha na kagua kwato nne kila asubuhi ya kazi; ukizoea haikuchukui dakika kumi. Punguza kwato kila baada ya wiki sita hadi kumi. Tenga kona ya zizi iliyoinuka, yenye kokoto au udongo uliokauka, ambako wanyama watalala miguu ikiwa mikavu wakati wa masika.

Kisha angalia mzigo. Punda wa kubeba mgongoni asizidishiwe theluthi moja ya uzito wake. Punda wetu wengi wana kilo 150 hivi, kwa hiyo mzigo wake ni kilo 50, yaani nusu ya gunia la kilo 100. Madumu mawili ya lita 20, moja kila upande, yanamtosha. Mzigo ulioelemea upande mmoja huumiza mguu wa upande huo hata kama ni mwepesi. Kwa maksai, linganisha urefu na nguvu za wawili unaowafunga nira moja, maana mfupi akivutwa na mrefu hulemewa.

Waonyeshe watoto pia, kwa kuwa wao ndio wanaokwenda na punda mtoni. Mtoto akisema "leo anatembea vibaya," mwamini ukague. Asiogope kwamba atagombezwa kwa kuchelewesha maji.

Sheria nayo iko upande wa mnyama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kumfanyisha kazi aliyelemaa ni kumtesa. Punda wenyewe wamepungua: biashara ya ngozi iliwamaliza kwa kasi hata Tanzania ikasimamisha uchinjaji wao mwaka 2022, na Umoja wa Afrika ukafuata 2024 kwa katazo la bara zima. Punda ukimpoteza kwa sababu ya jipu, kumpata mwingine si rahisi tena.

Kumrudisha kazini

Aliyepona mtembeze kwanza bila mzigo, dakika kumi, kwenye njia ngumu, na urudie ule ukaguzi wa kichwa na nyonga. Kesho yake asubuhi mtazame tena, kwa sababu maumivu mengi hurudi baada ya kulala. Akiwa sawa, ongeza mwendo kwa siku kadhaa, kisha mpe robo ya mzigo, halafu nusu, halafu mzigo wake kamili. Akichechemea hatua yoyote, rudi hatua moja nyuma na mpe wiki nyingine. Kama plau inasubiri na mvua zimeshika, mwombe jirani maksai wake kwa siku hizo, nawe umlipe kwa kazi, wako akipona. Hasara ya wiki moja utaifidia msimu huohuo. Mguu ulioharibika haufidiki.